Klorini ipi kwa jakuzi? Unga, chembechembe, maji na vidonge

Ukiingia duka la dawa za mabwawa na kusema unataka klorini ya jakuzi, mara nyingi muuzaji atakuuliza swali moja tu: kilo ngapi? Nyuma yake rafuni kuna ndoo ya chembechembe nyeupe, ndoo ya unga mzito unaokereketa koo, madumu ya maji ya manjano, na kopo la vidonge vinene kama biskuti. Vyote ni klorini na vyote vinaua vijidudu. Hata hivyo, dawa inayomfaa jirani yako mwenye bwawa kubwa inaweza kukuulia hita ndani ya msimu mmoja.

Nimetunza maji ya mabwawa na majakuzi ya nyumba za wageni pwani ya mashariki ya Unguja kwa miaka kadhaa. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni ipi yenye nguvu. Nguvu si tabu, kwa kuwa ukipima vizuri kila moja itakufikisha unapotaka. Tabu ni kile kinachoachwa majini. Klorini ni kama mgeni anayeondoka asubuhi na kuacha mizigo yake sebuleni: yenyewe hutumika ikaisha, lakini kilichokuja nayo hubaki, na kesho utaleta mgeni mwingine na mizigo yake. Kwenye bwawa kubwa sebule ni pana, utakaa miezi bila kuona kitu. Jakuzi ni chumba kimoja.

Chukua tarakimu. Jakuzi la watu wanne hadi sita huwa na lita 1,000 hadi 1,500. Watu wanne wakiingia kwenye lita 1,200, kila mmoja ana lita 300, yaani pipa moja na nusu. Watu haohao kwenye bwawa la lita 50,000 wana lita 12,500 kila mmoja. Jasho, mafuta ya nazi, krimu ya jua na hayo mengine tusiyoyasema mbele ya wageni vinakuwa vizito zaidi ya mara 40 ndani ya jakuzi. Ongeza joto la nyuzi 37 hadi 40 na viputo vinavyokoroga maji muda wote, na klorini inaliwa mbio.

Uzembe hapa si suala la maji kuwa kijani tu. Bakteria wa Lejionela wanapenda maji ya nyuzi 25 hadi 45, na mvuke wa jakuzi huwabeba hadi mapafuni. Mwaka 1999 huko Bovenkarspel, Uholanzi, kwenye maonyesho ya maua, jakuzi lililowekwa kama bidhaa ya kuonyeshwa lilisambaza ugonjwa huo. Watu zaidi ya 20 walikufa, na wengi wa walioambukizwa walikuwa wapita njia tu ambao hawakutia hata kidole majini. Yupo pia bakteria mwingine, Sudomonasi, anayeacha vipele vyekundu mwilini siku moja au mbili baada ya kuoga. Ndiyo maana kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kinataka jakuzi liwe na klorini huru (ile ambayo bado haijashikana na uchafu) isiyopungua miligramu 3 kwa lita, pH (kipimo cha uasidi wa maji) kati ya 7.0 na 7.8, na joto lisizidi nyuzi 40.

Vigezo

Nitazipima aina zote nne kwa mambo yaleyale: inaacha nini majini, inaipeleka wapi pH, inayeyuka vipi, inahifadhika vipi katika joto na unyevu wetu, na inamfaa nani.

pH inahitaji maneno mawili zaidi. Klorini inayoua ni ile iliyo katika umbo la asidi ya hipokloro. pH ikiwa 7.2, karibu theluthi mbili ya klorini yako imo katika umbo hilo. Ikifika 8.0 inabaki robo tu, au pungufu. Mapovu ya jakuzi hufukuza hewa ya kaboni kutoka majini, na pH hupanda yenyewe bila wewe kugusa kitu. Unaweza kuwa na klorini tele kwenye karatasi ya kupimia huku vijidudu vinastarehe.

Kuhusu bei, usilinganishe kilo kwa kilo. Linganisha klorini halisi iliyomo. Kilo ya unga wa asilimia 65 ina gramu 650, kilo ya chembechembe za asilimia 56 ina gramu 560, na dumu la lita 20 la klorini ya maji ya asilimia 10 lina kama kilo 2, likiwa jipya. Gawa bei kwa gramu hizo, na mara nyingi kopo lililoonekana rahisi litageuka kuwa ghali. Hesabu nyingine ya kukaa nayo kichwani: gramu 1 ya klorini halisi kwenye lita 1,000 hupandisha kipimo kwa miligramu 1 kwa lita. Kila dozi utakayoisoma hapa imetoka kwenye hesabu hiyo.

Dikloro: chembechembe

Hii ndiyo inayouzwa zaidi kwa jina la "klorini ya jakuzi" duniani. Kwenye ndoo imeandikwa sodium dichloroisocyanurate au SDIC, na asilimia 56 au 60 hivi. Wengi mmewahi kuimeza bila kujua, maana vidonge vingi vya kusafishia maji ya kunywa, kama Aquatabs, vimetengenezwa kwa kemikali hiyohiyo. (Sisemi utie vidonge hivyo kwenye jakuzi. Utafungua pakiti mpaka usiku wa manane.)

Inachoacha: asidi ya sianuriki, ambayo mafundi huiita stebilaiza. Kila ukiongeza miligramu 10 za klorini kwa lita kwa kutumia dikloro, unaongeza na miligramu 9 hivi za stebilaiza. Kazi yake ni kuikinga klorini na jua. Kwenye bwawa la wazi ni baraka, kwani klorini isiyo na kinga huweza kupoteza zaidi ya nusu ndani ya saa moja ya jua kali. Ila stebilaiza huikamata klorini na kuiachia kidogokidogo, na yenyewe haiishi. Jakuzi linalokula miligramu 5 za klorini kwa lita kwa siku litakuwa na zaidi ya miligramu 30 za stebilaiza baada ya wiki moja, na baada ya mwezi litavuka 130. Hapo karatasi itakuonyesha klorini 3 na utaridhika, kumbe iliyo huru kufanya kazi ni kiduchu sana. Dawa ya kuondoa stebilaiza nyumbani ni moja: kumwaga maji.

pH: iko karibu na katikati, kati ya 6 na 7, kwa hiyo haikushtui. Kwa muda mrefu inashusha alkalini (uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe) polepole, na utahitaji magadi soda kidogo mara mojamoja.

Kuyeyuka: hapa haina mpinzani. Unatupia kijiko, pampu ikizunguka, dakika chache na haionekani. Haiachi tope. Kwa lita 1,200, kupandisha miligramu 3 kunahitaji gramu 6 na nusu hivi.

Uhifadhi: ikikaa kavu na kufungwa vizuri, inadumu muda mrefu bila kupungua nguvu. Kwa nyumba ya kisiwani inayopata mzigo mara moja kwa mwezi hilo si jambo dogo.

Inamfaa mwenye jakuzi la nyumbani linalotumiwa na watu wawili watatu, anayemwaga maji kwa ratiba, na asiyependa kupima kemia kila siku. Haimfai mwenye wageni wa kila siku anayetarajia kukaa na maji yaleyale miezi mitatu. CDC yenyewe inashauri bidhaa zenye asidi ya sianuriki zisitumike kwenye majakuzi, na kwa jakuzi la biashara mimi sioni sababu ya kubishana nao.

Hipokloriti ya kalsiamu: unga wa 65 au 70

Huu ndio unga uliozoeleka kwetu kuliko wote. Maofisa afya huutumia kipindupindu kinapozuka, mamlaka za maji wanautia kwenye matangi, na ndio uliokorogwa kwenye ndoo za vituo vya Ebola kule Kongo na Uganda. Wengi huuita HTH hata kama umetoka kiwanda kingine kabisa.

Unachoacha: kalsiamu. Kila miligramu 10 za klorini huja na ugumu wa maji wa miligramu 7 hivi. Ukiwa Nairobi, ambako sehemu kubwa ya maji ya bomba hutoka milima ya Aberdare na ni laini, hilo linaweza hata kukusaidia, maana maji laini mno ya moto hula chuma na saruji. Ukiwa Paje, Nungwi au Diani na kisima kimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, maji yako yameshakuwa magumu kabla hujafungua ndoo. Fungua birika lako la umeme uangalie ndani. Ule ukoko mweupe unaouona ndio utakaojenga juu ya chuma cha hita ya jakuzi, kwa sababu kalsiamu huganda kwanza penye joto kali. Hita iliyovikwa ukoko hutumia umeme mwingi kupasha maji yaleyale, kisha siku moja inaungua.

pH: ni ya juu sana, 10 hadi 12 kwenye mchanganyiko wake. Kwa dozi ndogo hutaona mruko mkubwa, lakini ikiungana na kupanda kwa pH kunakotokana na mapovu, weka asidi ya kushushia pH karibu.

Kuyeyuka: polepole, na huacha masalia meupe. Usiumwage juu ya jakuzi moja kwa moja. Jaza ndoo ya plastiki maji kwanza, tia unga ndani yake, koroga, acha utulie, kisha mimina maji ya juu na kuacha tope chini. Ukikosea mpangilio, yaani ukamimina maji juu ya unga, unaweza kupata joto, moshi na kemikali inayoruka usoni.

Uhifadhi: hauna stebilaiza na una nguvu nyingi kwa ujazo mdogo, hivyo ni rahisi kusafirisha. Lakini unavuta unyevu, na pwani unyevu hatuuombi. Unga ulioshikana mabonge umeshapoteza sehemu ya nguvu. Ukigusana na dizeli, mafuta ya breki, sukari au matambara yenye grisi unaweza kuwaka bila kiberiti. Nimewahi kuukuta kwenye stoo ya jenereta, ndoo imeegemezwa dumu la dizeli, na mwenye nyumba akaniambia mbona hapo ndipo pakavu.

Unamfaa mwenye maji laini, aliye mbali na mji, mwenye fundi mwaminifu wa kuukoroga kabla. Pia ni mzuri kwa kupiga shoki, ile dozi kubwa ya kuchoma uchafu mara moja kwa wiki, hata kama siku nyingine unatumia aina tofauti. Kuna sharti moja kwenye hilo, nitalieleza chini.

Klorini ya maji

Hipokloriti ya sodiamu. Ya mabwawa huwa asilimia 10 hadi 12, ya dukani ya kufulia nguo nyeupe, tunayoiita jiki hata ikiwa chapa nyingine, huwa kati ya asilimia 3 na 5. Ni ndugu mmoja na WaterGuard ya chupa ya kutibu maji ya kunywa.

Inachoacha: chumvi kidogo, basi. Hakuna stebilaiza wala kalsiamu. Kwa kigezo ninachokiweka mbele kuliko vyote, hii ndiyo yenye mizigo myepesi zaidi.

pH: hapa pana hadithi inayozunguka, kwamba klorini ya maji inapandisha pH mpaka haitawaliki. Ni kweli kwamba ndani ya dumu pH yake ni 11 hadi 13, na ukiitia utaona kipimo kikipanda. Lakini klorini inapotumika kuchoma uchafu huzalisha asidi, na mwisho wa hesabu hizo mbili karibu zinafutana. Kinachobaki kupandisha pH ni mapovu. Dawa yake ni kuweka alkalini chini kidogo, miligramu 50 hadi 80 kwa lita, na kuzima mapovu wakati hakuna mtu.

Kuyeyuka: imeshayeyuka. Kwa lita 1,200, miligramu 3 zinahitaji mililita 36 za ile ya asilimia 10, au kama mililita 100 za jiki ya asilimia 3.5. Mimina mbele ya tundu linalosukuma maji, pampu ikiwa inafanya kazi. Ukitumia ya kufulia, hakikisha haina marashi, sabuni wala kizito cha kuifanya inate. Hizo zenye harufu ya maua zitakutengenezea povu kama la bia.

Uhifadhi: huu ndio udhaifu wake. Joto likipanda nyuzi 10, kuharibika kwake huongezeka kasi mara tatu hivi, na jua ni adui mwingine. Dumu lililopigwa na jua nje ya duka miezi miwili, kisha likasafiri juu ya paa la daladala, halina tena asilimia 12 iliyoandikwa. Hapo mtu anaweka dozi ya kawaida, haoni mabadiliko, analaumu aina. Ulizia tarehe ya kutengenezwa, nunua dumu dogo, liweke kivulini. Ile hafifu hudumu zaidi kuliko kali, kwa hiyo wengine huizimua nusu kwa nusu na maji safi mara tu inapofika, kisha huongeza dozi mara mbili. Usijaze chombo mpaka mdomoni wala kukaza kifuniko kisichopumua, kwa kuwa inatoa gesi.

Inamfaa aliye karibu na mji au kiwanda, anayepima kila siku, na hasa mwenye jakuzi la wageni ambaye anaweza kufunga pampu ndogo ya kudondoshea dawa. Haimfai anayekuja nyumbani kwake mara moja kwa mwezi. Na jakuzi lililo juani bila kifuniko, likitiwa klorini ya maji peke yake, litakuwa tupu kabla ya adhuhuri.

Trikloro: vidonge

Kwenye kopo utaona TCCA 90. Ina klorini nyingi kuliko zote, asilimia 90, na inayeyuka taratibu kwa siku kadhaa. Ndiyo kipenzi cha wenye mabwawa: unaweka vidonge kwenye kikapu au chelezo (kichombo kinachoelea majini), unaondoka zako.

Inachoacha: stebilaiza, miligramu 6 kwa kila 10 za klorini. Ni pungufu ya dikloro lakini inajilimbikiza vilevile.

pH: karibu 3. Kidonge kinatoa asidi mfululizo, na alkalini inaporomoka.

Kuyeyuka: kwenye bwawa la nyuzi 28 kinakwenda taratibu kama kilivyokusudiwa. Kwenye maji ya nyuzi 39 kinakwenda mbio, na huna namna ya kukisimamisha ila kukitoa kwa mkono wenye glavu. Kikianguka sakafuni mwa jakuzi la akriliki kinaacha baka jeupe lisilotoka.

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa hapa. Mwaka wangu wa mwanzo niliishiwa na chembechembe, nikaweka nusu kidonge kwenye kikapu cha filta cha jakuzi, pampu ikazimwa usiku kwa sababu umeme ulikatika. Asubuhi yale maji machache yaliyokuwa yamesimama karibu na hita yalikuwa yameshakuwa asidi kali. Chuma cha hita kilitoboka baada ya wiki chache. Mwenye nyumba hakunifukuza, ila kila tukikutana mpaka leo ananiita "Fundi Kidonge".

Uhifadhi: mzuri sana, kavu, miaka bila shida.

Inamfaa nani, basi? Mwenye bwawa. Kwa jakuzi la moto naiona ina nafasi moja finyu: beseni kubwa la nje lisilopashwa joto sana, lenye chelezo maalumu, linalopimwa alkalini kila wiki. Wapo wanaoitumia hivyo bila kuharibu kitu, sitawanyang'anya haki yao.

Njia ya kuunganisha mbili

Watunza majakuzi wengi, nami nikiwamo, hatutumii aina moja mwanzo hadi mwisho. Tukijaza maji mapya tunaanza na dikloro mpaka stebilaiza ifike 30 hivi. Kwa lita 1,000 hiyo ni jumla ya gramu 60 za dikloro, ambazo jakuzi lenye watu huzimaliza kwa kama wiki moja. Baada ya hapo tunahamia klorini ya maji. Unapata kinga kidogo ya jua, klorini isiyokwaruza ngozi na nguo za kuogelea, na stebilaiza haipandi tena. Gharama yake ni umakini: uandike kwenye daftari umetia gramu ngapi, kwa maana karatasi za kupimia stebilaiza hudanganya sana. Kipimo cha chupa yenye kitone cheusi chini ni cha kuaminika zaidi. Kwa jakuzi la biashara, nimeshasema, ruka hatua ya dikloro.

Harufu

Siku moja mama mwenye nyumba ya wageni alinipigia simu saa moja asubuhi. "Fundi, umezidisha klorini, wageni wanalalamika macho yanawawasha." Nikaenda na vipimo vyangu. Klorini huru: sifuri na kitu. "Bi mkubwa, haijazidi, imekwisha," nikamwambia, naye akanitazama kama ninamkebehi. Harufu ile kali si ya klorini safi. Ni kloramini, yaani klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo. Dawa yake ni kuongeza klorini, kupunguza siyo: mara 10 ya kiasi cha kloramini kilichopimwa, kifuniko kikiwa wazi, watu wakiwa nje, mpaka kipimo kirudi chini. Aina yoyote kati ya tatu za kwanza inaweza kufanya kazi hiyo, ingawa dikloro itakuongezea stebilaiza nyingi kwa mkupuo mmoja. Na wageni waoge kabla ya kuingia. Mwambie mgeni kwa heshima, lakini mwambie.

Sharti nililoahidi

Usichanganye unga wa kalsiamu na dikloro au trikloro vikiwa vikavu, hata kwa kutumia kijiko kilekile au kikapu kilekile chenye mabaki. Vinaweza kuwaka au kulipuka. Usikutanishe klorini yoyote na asidi; gesi inayotoka inaua. Ukibadilisha aina, badilisha ndoo, kijiko na chelezo, na kila kimoja kiandike jina lake kwa kalamu isiyofutika. Kila moja itiwe majini peke yake, na nyingine ingoje maji yazunguke kwanza.

Sasa wewe uko wapi?

Jakuzi la nyumbani, watu wawili, jioni mara tatu kwa wiki, lina kifuniko: dikloro inatosha. Mwaga maji kila baada ya miezi miwili hivi, au mapema ukipima stebilaiza ukakuta imepita 80.

Nyumba ya wageni, watu wapya kila siku mbili tatu: klorini ya maji, pima asubuhi na jioni. Kama dumu halifiki likiwa bichi, tumia unga wa kalsiamu uliokorogwa kabla, endapo maji yako ni laini. Kama ni ya kisima cha matumbawe, nunua maji ya boza kwa kujazia, au badilisha maji mara kwa mara kuliko kupigana na ukoko.

Hoteli au spa yenye wageni wengi: klorini ya maji kwa pampu ya kudondosha, stebilaiza isiwepo, vipimo viandikwe kila saa chache. Unga uwe wa akiba siku gari la dawa lisipofika.

Jakuzi la nje, juani, bila kivuli: njia ya kuunganisha mbili, na kabla ya yote, tafuta kifuniko. Kifuniko kitaokoa klorini nyingi kuliko utakachookoa kwa kuhama aina.

Kisiwa kidogo au kambi ya mbugani, mzigo unafika mara moja kwa mwezi: dikloro na unga wa kalsiamu vyote vinahifadhika, ila katika vyumba viwili tofauti. Ukiwa na stoo moja tu, chagua kimoja, na hapo dikloro ni salama zaidi kukaa nayo.

Jakuzi la mbao, au mtu mwenye ngozi inayowasha upesi: anza na kiasi kidogo cha stebilaiza, 20 hadi 30, na klorini ya maji juu yake. Ngozi ikiendelea kuwasha, kuna bromini, inayovumilia maji ya moto na pH ya juu kuliko klorini, japo haina kinga ya jua ya kutosha na kwetu haipatikani kila duka.

Na ukikuta kopo limeandikwa "klorini" tu, halina asilimia wala jina la kemikali, mwambie muuzaji akuonyeshe ndoo lilikotolewa. Asipoweza, kuna duka la pili barabara hiyohiyo.